Sahani Katikati ya Meza: Usiku Mmoja katika Taverna Mpya ya Athens

Taverna ni nyumba ya chakula ya Wagiriki ambamo chakula huwekwa katikati ya meza na kila mtu hula kutoka sahani zilezile. Hilo ndilo linaloitenga na migahawa mingi ya Ulaya, ambako kila mlaji hupewa sahani yake na kuishughulikia peke yake mpaka mwisho. Mswahili aliyelelewa kwenye sinia hana haja ya kufundishwa jambo hili. Ataingia taverna, ataona mikono inapishana juu ya meza, mkate unachovywa huku na huku, mtoto anamegewa samaki na shangazi yake, naye atajua amefika kwa watu wanaojua kula.

Wagiriki wenyewe ni waangalifu na majina. Nyumba ya nyama za kuchoma huitwa psistaria, na ya samaki psarotaverna. Uzeri ni pa vyakula vidogo vidogo vya kusindikiza uzo, kileo chenye harufu ya anisi ambacho kikitiwa maji hugeuka cheupe kama maji ya mchele. Kuna vibanda vya mishikaki ya kufungwa kwenye mkate, na kuna mayirio, ambayo ni ndugu wa damu wa mama ntilie: chakula kimeivishwa tangu asubuhi, masufuria na sinia za oveni zimepangwa mbele, mlaji anatazama na kuonyesha anachotaka. Taverna imekaa katikati ya hizo zote. Inachoma, inapika, inakaanga, na haina haraka.

Katika miaka ya karibuni Athens imepata taverna za namna nyingine. Kati ya mwaka 2010, serikali ya Ugiriki ilipochukua mkopo wa kwanza wa kujinusuru, na Agosti 2018, mpango wa mwisho wa mikopo hiyo ulipokwisha, nchi ilipita katika dhiki kubwa. Mishahara na pensheni zilikatwa, maduka yalifungwa, vijana wengi walihama. Baadhi yao walikwenda kufanya kazi katika majiko ya Ulaya, na waliporudi hawakufungua mikahawa ya vitambaa vyeupe. Walifungua vyumba vidogo vyenye meza za mbao, menyu ya ukurasa mmoja na jiko linaloonekana. Chakula ni cha bibi zao, lakini kimepikwa na mtu aliyesomea upishi na anayejua kwa nini bibi alifanya alivyofanya. Taverna inayosimuliwa hapa ni mojawapo. Ilikuwa na miezi michache tu tangu kufunguliwa, katika mtaa wa Kypseli.

Kypseli maana yake ni mzinga wa nyuki, na mtaa unalistahili jina hilo, kwa kuwa ni miongoni mwa sehemu zilizosongamana zaidi mjini. Ulikuwa mtaa wa watu wenye nafasi zao tangu miaka ya 1930, enzi ambayo majengo yake mazuri ya ghorofa yalijengwa. Baadaye matajiri wengi walihamia vitongoji vya nje, na nyumba zao zikapangwa na wahamiaji. Mgongo wa mtaa ni Fokionos Negri, njia pana ya waenda kwa miguu yenye miti na mabenchi, iliyojengwa juu ya kijito kilichofunikwa. Kando yake limesimama soko la manispaa la miaka hiyohiyo ya 1930, ambalo lingebomolewa kama wakazi wasingelipigania. Leo mtaa huu unakaliwa na Wagiriki wazee, wanafunzi, wasanii, na watu wa Albania, Nigeria, Ghana, Ethiopia na Tanzania. Mwandishi wa makala haya alisikia Kiswahili kabla hajafika mlangoni pa taverna: vijana wawili wamekaa benchi chini ya mti, wanabishana kwa sauti kuhusu Simba na Yanga kana kwamba wako Kariakoo.

Jambo la kwanza linalomkwaza mgeni ni saa. Mwandishi alifika saa moja jioni, kwa mazoea ya nyumbani, akakuta viti vimepinduliwa juu ya meza na wapishi wenyewe ndio wanaokula. Walimkaribisha kwa upole, wakamwambia arudi baada ya saa mbili. Mgiriki hula mchana kuanzia saa nane, na usiku kuanzia saa tatu. Wakati wa kiangazi saa nne si usiku wa manane kwake. Sababu yake ni jua. Mchana wa Julai huko Athens hauvumiliki, na kuna saa za alasiri ambazo sheria inakataza makelele ili watu wapumzike. Mji huamka upya giza linapoingia, na ndipo njaa huja. Anayekula saa moja hula na watalii wenzake, tena hula chakula cha jiko ambalo bado halijachangamka.

Mwandishi aliporudi saa tatu na nusu hapakuwa na kiti kitupu nje. Viti vya taverna ni vya mbao na vikalio vyake vimesukwa kwa majani, mfano wa kiti cha kamba. Juu ya meza hutandikwa karatasi na kubanwa kwa vibanio pembeni ili upepo usiipeperushe. Wageni wakiondoka hukunjwa pamoja na makombo yake na kutupwa. Kabla ya lolote huja mkate na jagi la maji ya bomba, ambayo Athens hunywewa bila wasiwasi. Mkate hulipiwa kiasi kidogo kwa kila kichwa, hata kama hukuuagiza. Ni desturi na haimo nia ya kuibia mtu, ila mgeni asiyeijua huweza kununa bure anapoisoma kwenye hesabu.

Menyu inafaa isomwe kwa makini, maana sheria imeandika mambo ndani yake. Chakula kilichotoka kwenye barafu huwekewa alama ya nyota au kuandikwa wazi kwamba kiligandishwa. Aina ya mafuta hutajwa: ya zeituni kwa saladi, na ya kukaangia kama ni mengine. Chini kabisa yamo maneno kwamba mteja halazimiki kulipa asipopewa risiti halali. Karibu na mlango huwa na kisanduku cha fomu za malalamiko. Mtu anayesafiri katika nchi asiyoijua lugha yake ana haki ya kufurahia ulinzi wa namna hiyo.

Kuagiza ni kazi ya meza nzima. Watu watatu huagiza sahani tano au sita, hazifuatani kwa utaratibu wa kianzio, chakula kikuu na kitindamlo, bali kila kilichoiva huletwa kilipoiva. Mtu asijaze meza mara moja. Hutaja sahani mbili au tatu, hula, hutazama majirani wamepata nini, kisha humwita tena mhudumu. Vyakula vidogo vya kuanzia huitwa meze. Neno hilo halina undugu na meza yetu, ambayo tuliipata kwa Wareno. Meze lilitoka Uajemi na kupitia kwa Waturuki. Lakini kwa kuwa meze hazina maana bila meza iliyozungukwa na watu, kufanana huko kunafurahisha sikio.

Sahani ya kuipima nayo taverna yoyote ni saladi ya kijijini, horiatiki. Haina majani. Ina nyanya, tango, kitunguu, pilipili hoho ya kijani, zeituni nyeusi, na juu yake kipande kizima cha jibini ya feta kilichonyunyiziwa oregano kavu na kumiminiwa mafuta ya zeituni. Katika taverna hii ya Kypseli nyanya zilikatwa vipande vinene visivyolingana, kwa kisu kidogo, mkononi, bila ubao. Zilikuwa za msimu, nyekundu mpaka kwenye kokwa, zikitoa maji mengi. Maji hayo yakachanganyika na mafuta, chumvi na makombo ya feta, na chini ya bakuli ukabaki mchuzi wa rangi ya waridi. Hapo ndipo mkate unapopata kazi. Wagiriki wanaita kitendo hicho papara: kuchovya mkate mpaka bakuli ling'ae. Mgeni anayeona haya kufanya hivyo hadharani anajinyima nusu ya saladi.

Feta yenyewe ina historia ya mahakamani. Kwa miaka mingi Denmark na Ujerumani zilitengeneza jibini nyeupe kwa maziwa ya ng'ombe na kuiuza kwa jina hilo. Umoja wa Ulaya uliisajili kuwa mali ya Ugiriki mwaka 2002, na mahakama kuu ya Umoja huo ikathibitisha mwaka 2005. Tangu hapo feta ni ile tu iliyotengenezwa katika maeneo maalumu ya Ugiriki kwa maziwa ya kondoo, au ya kondoo yaliyochanganywa na ya mbuzi yasiyozidi asilimia 30, ikakomaa kwa muda usiopungua miezi miwili. Tofauti huonekana ulimini: feta halisi ina uchachu mkali unaopambana na utamu wa nyanya, ilhali ya maziwa ya ng'ombe hupooza upesi.

Baada ya saladi huja vyakula vya kupaka. Tsatsiki ni mtindi mzito wenye tango na kitunguu saumu. Taramosalata hutengenezwa kwa mayai ya samaki yaliyotiwa chumvi. Iliyo njema ina rangi ya maziwa, na ile ya waridi iliyokolea mara nyingi imetiwa rangi. Biringani huchomwa mzima motoni mpaka ganda liungue, kisha huparuzwa na kupondwa. Fava ni dengu za njano zilizosongwa mpaka zikawa laini kama uji mzito, na zile za kisiwa cha Santorini ndizo zinazosifiwa kuliko zote.

Pweza anahitaji nafasi yake.

Pwani mbili zilizo mbali zimemjua mnyama huyu kwa namna zinazofanana mno. Pemba na Unguja, maji ya bamvua yanapokupwa, wanawake na wanaume huingia miambani na vijiti kumtafuta pweza mashimoni. Akishapatikana hupigwa ili nyama ilainike. Mvuvi wa Ugiriki naye humpigapiga kwenye mwamba mara nyingi, humsugua mpaka atoe povu, kisha humwanika kwenye kamba juani kama nguo. Baada ya hapo njia zinaachana. Kwetu ataingia kwenye nazi, au kwenye sufuria la supu linalofuka jioni kando ya barabara Dar es Salaam, na vikombe vinapita mikononi. Kwao ataingia motoni na kukutana na siki.

Mpishi wa Kypseli alimpika pweza kwa hatua mbili. Kwanza alimwacha achemke polepole katika maji yake mwenyewe, bila kuongezewa hata tone, pamoja na jani la bei na siki kidogo; pweza ana maji mengi mwilini na hujitosheleza. Kisha mkono mmoja mmoja uliwekwa juu ya makaa makali kwa dakika chache tu. Ulipofika mezani ulikuwa umejikunja juu ya fava, ngozi yake ya zambarau iliyokolea, vikombe vyake vya kunyonyea vimeungua kingo vikawa vyeusi na vikavu. Kisu kilipopita ndani palikuwa peupe kama nazi. Vile vikombe vilikwaruza jino kidogo na kutoa ladha ya moshi, kisha nyama ya ndani ikaachia bila kutafunwa sana. Fava ilitulia chini na kupokea mafuta na siki. Sahani hiyo ndiyo iliyothibitisha kwamba taverna hii, pamoja na uchanga wake, ina mpishi. Pweza hakubali udanganyifu: akiharakishwa huwa mpira, akipitilizwa huwa uji.

Pweza pia ni chakula cha saumu. Wakristo wa Orthodoksi, ambao ndio wengi Ugiriki, hufunga kabla ya Pasaka kwa kuacha nyama, maziwa na mayai kwa wiki kadhaa, na samaki huruhusiwa siku chache tu, kama tarehe 25 Machi. Lakini pweza, ngisi na chaza huliwa, kwa kuwa huhesabiwa kuwa hawana damu. Ndiyo maana jiko la Kigiriki lina utajiri mkubwa wa vyakula visivyo na nyama: maharage makubwa meupe yaliyookwa kwenye nyanya, njegere, bamia, majani ya mzabibu yaliyofungwa wali, nyanya na hoho zilizojazwa mchele. Vyakula hivi vya mafuta na mboga huliwa vikiwa vimepoa. Mgeni asivirudishe jikoni akidhani mhudumu amezembea.

Vyakula vya sufuria na oveni ndivyo vinavyomgusa Mswahili kwa karibu zaidi, na njia yake ni pua. Mwandishi alipoletewa sahani ya sutsukakia, vipande vya kima vilivyofinyangwa mfano wa kidole kinene na kupikwa katika mchuzi wa nyanya, harufu iliyopanda ilikuwa ya bizari nyembamba na kitunguu saumu. Kando yake palikuwa na wali. Wali huo Wagiriki wanauita pilafi, na nyama ya kusaga wanaiita kimas. Pilau na pilafi ni neno moja lililotoka Uajemi. Kima yetu ilitufikia kwa Wahindi na kimas yao kwa Waturuki, na shina lake ni la Kituruki. Kuna pia halvas, ambayo ni ndugu wa halua. Karafuu kwao ni garifalo.

Sutsukakia zina jina la pili: za Smyrna. Smyrna ni mji wa bandari ambao leo ni Izmir, Uturuki. Hadi mwaka 1922 ulikaliwa na Wagiriki wengi. Mwaka huo vita vya Wagiriki na Waturuki viliisha kwa mji kuungua na watu kukimbilia melini. Mwaka uliofuata nchi hizo mbili zilikubaliana kubadilishana watu kwa dini zao: Wakristo wa Orthodoksi zaidi ya milioni 1.2 walihesabiwa kuwa wamehamia Ugiriki, na Waislamu zaidi ya 350,000 walipelekwa Uturuki. Waliofika Athens na Thessaloniki hawakuwa na mali. Walikuwa na bizari nyembamba, mdalasini, na ujuzi wa kupika uliozidi wa wenyeji wao. Vyakula vingi vinavyoitwa leo vya Kigiriki viliingia kupitia vibanda vya wakimbizi hao, na anayekula sutsukakia anakula chakula cha watu waliohamishwa kwa nguvu. Ni vema kulijua hilo wakati sahani ingali ya moto.

Musaka ndiyo inayojulikana zaidi nje ya Ugiriki: tabaka za biringani, kima chenye mdalasini, na juu yake mchuzi mweupe mzito uliookwa mpaka ukawa wa dhahabu. Jina lake ni la Kiarabu, na Waarabu wana musaka yao isiyo na mchuzi huo. Ule mchuzi mweupe uliingizwa na Nikolaos Tselementes, mpishi mwenye asili ya kisiwa cha Sifnos, ambaye kitabu chake cha mapishi kilienea mno karne iliyopita hata jina lake likawa neno la kawaida la kitabu cha mapishi. Tselementes alitaka kuusogeza upishi wa Kigiriki uelekee Ufaransa na kuupunguzia viungo vya Mashariki. Kwa hukumu ya mwandishi hapo alikosea, na wapishi wapya wa Athens wanalirekebisha kosa lake polepole: musaka ya Kypseli ilikuwa na mchuzi mweupe mwembamba tu, na mdalasini umerudishwa kwa ukarimu kiasi cha kumkumbusha mtu pilau ya harusini.

Kwa Mwislamu nyama inataka tahadhari. Mishikaki na nyama ya kuzungushwa kwenye chuma mara nyingi ni ya nguruwe, na kima kinaweza kuwa cha mchanganyiko. Maneno manne yanatosha: hirino ni nguruwe, moshari ni ng'ombe, arni ni kondoo, kotopulo ni kuku. Nyama ya halali haipatikani kwa kawaida katika taverna, kwa hiyo wengi hukimbilia samaki na mboga, na katika nchi hii kufanya hivyo si kujinyima.

Samaki wakubwa huuzwa kwa kilo, na bei ya menyu ni ya kilo wala si ya sahani. Mteja huitwa kwenye barafu amchague samaki wake, apimwe mbele yake, ndipo apelekwe motoni. Samaki mzuri aliyevuliwa baharini huweza kuzidi euro 50 kwa kilo, na anayeagiza bila kupima atashangaa mwisho wa usiku. Dagaa na samaki wadogo wa kukaanga hugharimu kidogo sana na ni watamu vilevile, hasa wakikamuliwa limau. Mshairi Archestratos aliyeishi karne ya 4 kabla ya Kristo alikwishashauri kwamba samaki mzuri aachwe na chumvi na mafuta tu. Majiko ya Ugiriki bado yanamtii.

Mvinyo wa nyumba huja kwa jagi na hupimwa kwa kilo, si kwa lita: nusu kilo, robo kilo. Maarufu kwa wageni ni retsina, mvinyo mweupe wenye harufu ya utomvu wa msonobari. Asiyekunywa hasumbuliwi, maji na limau vinamtosha na hakuna atakayeuliza sababu. Mvinyo una uhusiano wa zamani na pwani yetu. Katika karne ya 1 baada ya Kristo mfanyabiashara mmoja wa Misri, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa safari za bahari uitwao Periplus, akaeleza pwani ya Azania, yaani pwani hii yetu ya Afrika Mashariki, mpaka bandari ya Rhapta. Anataja mikuki, mashoka na visu vilivyoletwa kuuzwa, na pembe za ndovu zilizochukuliwa. Kisha anaongeza kwamba mahali pengine wafanyabiashara walileta mvinyo na ngano ambavyo havikuwa vya kuuzwa, bali vya kuwakirimu wenyeji ili kupata urafiki wao. Ni ushahidi wa miaka karibu 2,000 kwamba watu wa pwani hii waliwahi kukirimiwa kwa mvinyo.

Uhusiano haukuishia hapo. Enzi za Wajerumani, Wagiriki walikuja Tanganyika kufanya kazi za ujenzi wa reli, na baadaye wengi wakawa wakulima wa mkonge, kahawa na tumbaku. George Arnautoglu, tajiri wa mkonge, alitoa fedha za kujenga jumba la jamii Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, ukumbi ambao historia ya siasa za mji huo ya miaka ya 1950 haiandikiki bila kuutaja. Kwa hiyo Mtanzania anayeulizwa na mhudumu wa Athens ametoka wapi asishangae jina la Tanga au Arusha likiamsha kumbukumbu kwenye meza ya jirani.

Saa sita usiku ilikaribia na hakuna aliyeleta hesabu. Hiyo ndiyo desturi: hesabu haiji mpaka iombwe, kwa kuwa kuileta mapema ni kumfukuza mgeni. Ilipoombwa ilitanguliwa na sahani ya tikiti maji lililokatwa na vipande vya halua ya semolina yenye lozi na mdalasini, ambavyo havikuagizwa wala havikulipiwa. Hiyo ndiyo kerasma, tunu ya nyumba. Wanaotaka hupewa pia kikombe kidogo cha kileo cha mastiha, utomvu unaotoka kwenye miti ya kusini mwa kisiwa cha Chios. Kahawa haikuwepo, kwa hiyo mtu hutoka na kwenda zake kwenye kafenio, ambako kahawa ya Kigiriki huletwa katika kikombe kidogo chenye masimbi chini, sawa na ile ya mwuza kahawa wa Mombasa.

Bakshishi si lazima. Huachwa sarafu chache au asilimia kidogo juu ya meza, na hupokewa kwa shukrani.

Msomaji atakayefika Kypseli afike saa tatu na nusu usiku, awe na wenzake wawili au watatu, aulize kwanza kilichopikwa siku hiyo, na asimruhusu mhudumu aondoe bakuli la saladi kabla mkate haujamaliza mafuta.